Jinsi ya kuusoma uwanja wa ndege wa vita uliotelekezwa

Kosa langu la kwanza nilipoanza kuzunguka viwanja hivi vya Vita vya Pili vya Dunia mashariki mwa Uingereza lilikuwa kuamini hadithi. Mzee mwenye shamba aliniapia kuwa pale kwake ziliruka Lancaster, zile ndege nzito za mabomu za Waingereza. Nikajaza kurasa sita. Baadaye daftari la kituo likanionyesha kuwa palikuwa pa kufundishia marubani tu.

Kwa hiyo anza na zege. Omba ruhusa, vaa buti, upime. Viwanja vya ndege za mabomu vilivyojengwa kuanzia 1942 vilifuata kipimo kimoja: njia tatu za kurukia zinazokatana, kubwa ya yadi 2,000 (kama mita 1,830), mbili za yadi 1,400. Zilikuwa tatu kwa sababu ndege nzito huruka ikiukabili upepo, na upepo hauna mwelekeo mmoja.

Kisha fuata barabara ya pembeni. Ubavuni mwake utakuta viduara vya zege, kila kimoja na kijia chake. Wanajeshi waliviita vikaango, na kutoka angani kweli ni kikaango na mpini wake. Viliwekwa mbalimbali ili bomu moja lisiteketeze kikosi kizima. Mimi hupiga magoti hapo na kukwangua kuvumwani kwa kijiti mpaka nione pete za chuma zilizozamishwa kwenye zege, za kufungia ndege isipeperushwe. Chuma kingine usichokijua, usikiguse.

Pengine zege limeshavunjwa likafukiwa chini ya barabara kuu. Norfolk, jimbo la huko mashariki, wamejenga hata mabanda ya batamzinga juu yake. Ngoja kiangazi kikavu: mazao hunyauka kwa mistari iliyonyooka palipokuwa na njia. Mabweni yatafute mbali, vichakani, walikolala kwenye vibanda vya mabati vyenye mgongo wa duara.

Ukishapata mchoro wako, ndipo uende Kew, London, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka. Omba fungu la nyaraka AIR 28 kwa daftari la kituo, AIR 27 kwa la kikosi. Fomu 540, yaani kurasa za daftari hizo, ni kavu kama makapi: hali ya hewa, uhamisho, ajali. Soma kila siku, hata ya ukungu.

Nilimpelekea mzee habari ile. Akanyamaza, kisha akasema labda Lancaster ilitua mara moja tu, yeye akiwa mtoto. Nikarudi Kew. Ilitua kweli, usiku, imeishiwa mafuta. Kesho yake mchana ikaondoka.