Kupanua huduma ya ngozi kwa mbali: anza na picha

Katika huduma hii, muuguzi hutuma picha za ngozi kwa daktari aliye mbali na kusubiri jibu. Picha mbovu huikwamisha hata intaneti ikiwa nzuri. Kabla ya kuongeza vituo, fundisha wauguzi kupiga picha tatu: ya mbali kuonyesha eneo la mwili, ya karibu ikiwa na rula, na ya ubavuni kuonyesha mwinuko. Simu ikisogezwa karibu mno na ngozi hupoteza fokasi. Kwa picha ya karibu, ishike sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye ngozi. Tumia mwanga wa mchana, kwani flashi hung'arisha ngozi. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huonekana zambarau au kijivu, hivyo mpime mgonjwa kwa mkono pia: joto, ugumu, maumivu.

Andika dawa zote alizopaka. Krimu ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho) huweza kubadili kabisa sura ya fangasi. Ridhaa ya mgonjwa itangulie picha.

Ngozi ikichubuka huku mdomo una vidonda, usisubiri jibu: rufaa siku hiyohiyo.