Majani ya sumaki na ngozi ya mbuzi: kupata tanini bila kuua mti

Sumaki, ambayo haihusiani na sumaku inayovuta chuma, ni ndugu wa mwembe na mkorosho. Aina ya pwani ya Bahari ya Kati, Rhus coriaria, ndiyo ambayo majani yake yalisagwa kwa wingi Sisilia kwa kazi ya ngozi, na matunda yake makavu ni kiungo kichachu cha chakula. Ndugu zake wa Afrika, ambao wataalamu wa mimea sasa wanawaweka katika jenasi ya Searsia, hawalingani kwa wingi wa tanini, ile dawa ya majani inayoshikana na ngozi mbichi ili isioze. Kwa hiyo mfugaji wa milima inayozunguka Bukavu apime kichaka chake kwanza: achemshe konzi ya majani, aache maji yapoe, kisha atie msumari wenye kutu. Maji yakigeuka meusi, tanini imo.

Majani yachumwe wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti, na kukaushwa kivulini, kwa maana mvua huiosha tanini. Chuma nusu tu ya kichaka. Usibandue gome kuzunguka shina, kwani mti utakufa, na kwenye miteremko yetu mizizi ikifa udongo hushuka na mvua ya kwanza.

Ngozi iliyokwisha kuondolewa manyoya kwa chokaa na kuoshwa vizuri iwekwe ndani ya maji ya majani hayo, katika bidoni ya plastiki iliyokatwa juu, kamwe si katika pipa la chuma, ambalo litaitia madoa meusi kama ule msumari. Hapa ndipo wengi wanapokosea kwa haraka: wanaanza na maji mazito, tanini inashikana na protini za juu na kuzifunga, na katikati ngozi inabaki mbichi na kuoza baadaye. Anza na maji mepesi, uigeuze kila siku, na uongeze majani hatua kwa hatua. Kata ukingo kidogo. Rangi ikiwa moja kutoka juu hadi ndani, ngozi imeiva.

Mbuzi akila majani haya kidogo haidhuru, lakini yasiwe chakula chake kikuu, kwa kuwa tanini hiyo hiyo hushika protini ya malisho asinufaike nayo. Maji yaliyotumika yamwagwe katika shimo lililo mbali na chemchemi, wala yasielekezwe kwenye mto unaoingia Ziwa Kivu.