SOMO: Kulinganisha amplifaya na spika za pikipiki (soma kabla hujanitumia ujumbe)

Wiki hii swali ni lile lile kila siku: "Fundi, hii amp ya wati 2000 itabeba spika zangu?" Naandika mara moja. Ukiniuliza tena nakurudisha hapa.

1. Soma fyuzi, achana na kibandiko. Ile amp ya Luthuli (barabara ya maduka ya elektroniki Nairobi) inayoenea kiganjani imeandikwa 2000W. Igeuze uone fyuzi. Kama ni ya ampea 10, zidisha kwa volti 12: wati 120 ndizo zinaweza kuingia kwa mfululizo, na zinazotoka ni chache zaidi kwa sababu sehemu inageuka joto. Hizo 1880 zingine zinashuka kutoka mbinguni?

2. Kwenye spika tafuta RMS, yaani wati inazobeba kwa mfululizo. "Max" na "PMPO" ni maneno ya kuuzia.

3. Linganisha RMS ya amp na RMS ya spika, kwa omu (kipimo cha ukinzani wa spika) zile zile. Spika ya wati 25 ipe amp ya 20 hadi 30 kwa kila upande. Amp ndogo ukiikamua hadi ikwaruze, inachoma twita (spika ndogo ya sauti nyembamba). Amp kubwa kupita kiasi inachoma koili ya spika. Na ujue kwamba amp inayotumia volti za betri bila kuzipandisha ndani yake, kwa omu 4 haitoi sana zaidi ya wati 20 safi kwa upande. Kwa pikipiki zinatosha.

4. Hesabu omu. Hapa ndipo nilipolia. Mteja wa Umoja alikuwa na spika mbili za omu 4, akaleta mbili zingine kama hizo. Nikaona nafasi ni mbili tu kwenye amp, nikaunganisha mpya sambamba na za kwanza: chanya na chanya, hasi na hasi. Zilipiga vizuri ajabu, hata mimi nikajipongeza. Omu 4 na omu 4 sambamba ni omu 2, na amp ilikuwa imeandikwa wazi "4–8". Mkondo ukawa karibu maradufu, amp iko chini ya kiti, haina hewa. Jamaa alinipigia simu akiwa kwenye jam ya Outer Ring kiti kikifuka moshi. Nililipa amp mpya na kiti.

Kwa hivyo:
- Spika mbili za omu 4 kwa mfuatano (hasi ya kwanza kwa chanya ya pili) ni omu 8. Amp iko salama, ila inatoa karibu nusu ya nguvu na spika zinagawana.
- Spika mbili za omu 8 sambamba ni omu 4. Hii ndiyo nzuri ukitaka spika nne.
- USISHUKE chini ya namba iliyoandikwa kwenye amp, hata kama rafiki yako "amefanya na haijaungua". Ngoja jua la Januari.
- Pima kwa mita kabla ya kuunganisha. Spika ya omu 4 husoma 3 na kitu. Hiyo ni sawa.

5. Waya mwekundu utoke betri moja kwa moja, fyuzi ikae karibu na betri, rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) iwashwe na funguo.

6. Hasi ya spika irudi kwenye amp. Usiigusishe na bodi ya pikipiki, utaua amp.

7. Geini (kitufe cha amp cha kulinganisha sauti inayoingia) si volyumu. Ianze chini, volyumu ya simu iwe robo tatu, panda polepole, sauti ikianza kukwaruza rudi nyuma kidogo. Acha hapo.

MASWALI

Boda wa Kayole: Mkubwa, amp yangu ni 2000W na spika ni 300W. Zitaungua?

— Hatua ya 1.

Boda wa Kayole: Nimesoma. Nipe tu jibu.

— Fyuzi ni ya ngapi?

Boda wa Kayole: Sijaangalia.

— Haya.

Fundi wa Grogan: Mimi nafunga miziki miaka mingi bila hizi hesabu zako, na wateja wanarudi.

— Wanarudi na nini mkononi, kaka? Sijasema kazi yako ni mbaya. Nimesema yangu iliwahi kuwa mbaya, na nikaeleza kwa nini.

Dada wa Nduthi: Samahani fundi, mwenzangu ana amp kama yangu kabisa, spika zake ni za wati chache kuliko zangu, lakini anasikika mbali zaidi. Inawezekanaje?

— Dada, asante, hili ndilo swali. Angalia namba ya desibeli kwenye karatasi ya spika, kama 89 au 92. Inaonyesha sauti itokayo kwa wati moja, ukisikiliza umbali wa mita moja. Kila desibeli 3 ni sawa na kuongeza nguvu mara mbili. Kwa hivyo spika ya 92 ikipewa wati 20 inalingana na ya 89 iliyopewa 40. Kwetu betri ni ndogo, kwa hivyo nunua desibeli kabla ya kununua wati.

Dada wa Nduthi: Kumbe! Na nikiwa steji injini imezimwa, naweza kupiga kwa muda gani?

— Betri ya ampea-saa 5, muziki ukila ampea 2, usipitishe saa moja. Chaji inayobaki ni ya kuwashia injini. Injini ikiwa inanguruma weka mita kwenye betri: ikisoma 13.5 hadi 14.5 na muziki ukiwa juu, uko sawa. Ikishuka chini ya 12.6, betri ndiyo inalisha muziki, na siku moja utapiga kiki hadi mguu uume.

Boda wa Rongai: Mvua ya huku imeniharibia spika mbili. Kuna dawa?

— Koni ya plastiki, si ya karatasi. Toboa tundu dogo chini ya boksi maji yatoke, na paka grisi kwenye viungio.

Boda wa Kayole: Nimeangalia. Fyuzi ni 7.5.

— Mara 12?

Boda wa Kayole: 90. Lakini walinichaji ya 2000!

— Sasa geuza spika utafute RMS.