Namna ya Kumchagulia Mwenzako Kitabu: Taharuki, Waamishi, Historia na Nasaba

Mtu akikuomba umpendekezee kitabu, usikimbilie kabati lako kutafuta kile ulichokipenda wewe. Mwulize kwanza ni kitabu gani alichokianza akakiacha njiani, na kilimshinda wapi. Wengi wetu tukiulizwa tunavyovipenda hutaja vitabu vinavyotujengea heshima, ilhali kitabu kilichoachwa kwenye ukurasa wa arobaini hakimpi mtu sababu ya kujikweza. Aliyekiacha kwa sababu majina yalikuwa mengi asianzishiwe nasaba, na aliyekiacha kwa kuchoshwa na maelezo marefu ya mashamba na jikoni huenda asiivumilie riwaya ya Waamishi, wale Wakristo wa Marekani wanaoishi kijadi na kujitenga na mengi ya kisasa, hata kama wewe uliisoma mara tatu.

Katika riwaya za taharuki, pambanua aina ya wasiwasi ambao msomaji anautafuta. Yuko anayetaka kufumbua fumbo akiwa ametulia kitini, na yuko anayetaka mbio, risasi na mipaka ya nchi kuvukwa usiku. Kiswahili kina hazina ya pande zote mbili: *Mzimu wa Watu wa Kale* ya Muhammed Said Abdulla, iliyochapishwa mwaka 1960, inamtanguliza Bwana Msa, mpelelezi anayetegemea kufikiri, ilhali riwaya za Elvis Musiba zinamtuma jasusi Willy Gamba mahali penye hatari ya wazi. Ukishaitaja aina hiyo, nyamaza. Usiseme hata kwamba mwisho utamshangaza, maana ukisema hivyo atasoma akiuvizia mwisho badala ya kuifuata hadithi. Mimi niliwahi kumharibia rafiki riwaya nzima kwa neno moja tu, "mke", na hakuniomba ushauri tena kwa muda mrefu.

Riwaya za Waamishi zinahitaji utangulizi zaidi, kwa kuwa msomaji wetu anaweza kuzichukua kama picha kamili ya watu hao. Waamishi walitokana na mfarakano wa mwaka 1693 miongoni mwa Waanabaptisti, yaani Wakristo wasiobatiza watoto wachanga, wa Uswisi na Alsace, ambapo kundi moja lilimfuata Jakob Ammann, na katika karne ya 18 wengi wao wakahamia Pennsylvania. Riwaya zinazowahusu, ambazo soko lake nchini Marekani lilipanuka sana baada ya *The Shunning* ya Beverly Lewis kutoka mwaka 1997, kwa kawaida huandikwa na Wakristo wa kiinjili walio nje ya jamii hiyo. Kwa hiyo mweleze unayempendekezea kwamba atakutana na imani, mapenzi ya staha na mgogoro wa mtu anayetengwa na kanisa lake, lakini akitaka kujua Waamishi wanaishije kwa kweli, atafute pia kitabu cha mtafiti aliyekaa nao. Msomaji wa mkoa wa Mara unaweza kumvuta kwa njia nyingine: wamisionari wa Kimennonite waliofika Shirati mwaka 1934 walitumwa kutoka Lancaster huko Pennsylvania, eneo lile lile ambalo riwaya nyingi za Waamishi hulitumia kama mandhari, na Wamennonite na Waamishi wana asili moja. Atakisoma kitabu hicho kama habari za jamaa wa mbali.

Kwa upande wa historia, mweleze msomaji nani anasimulia na alisimama upande gani. Basi. Mengine atayaona mwenyewe.

Ningependa hata hivyo kukitetea kitabu kimoja ambacho watu hukiogopa bure, nacho ni *Habari za Wakilindi* cha Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, kinachosimulia ukoo uliotawala Usambara. Kinaanza na Mbega, mwindaji aliyekosana na jamaa zake akaihama nchi yao ya Ngulu, na ukimsomea mpenzi wa taharuki kurasa zile za mwanzo hatajua kwamba umempa historia. Akifika kwa watoto na wajukuu wa Mbega, atakuwa amekwisha kuingia katika nasaba pia. Kitabu cha namna hii, chenye mlango katika kila chumba, ndicho cha kumpa mtu aliyezoea aina moja tu, kuliko kumsukuma ghafla aende asikokujua.

Vitabu vya nasaba vyenyewe vigawe mara mbili kabla hujavitaja: vya kusomwa na vya kutumiwa. *Roots* ya Mmarekani Alex Haley, iliyotoka mwaka 1976 na kuusimulia ukoo wake tangu Afrika, iliwafanya Wamarekani wengi waanze kuwatafuta mababu zao, na bado inasisimua. Lakini wataalamu wa nasaba waliipinga sehemu kubwa ya ukoo uliomo, na mwaka 1978 Haley alimaliza kwa mapatano kesi iliyodai kwamba alinakili kutoka riwaya ya Harold Courlander. Ipendekeze kama hadithi yenye nguvu, isiwe ushahidi. Anayetaka kuufuatilia ukoo wake kwa vitendo mpe mwongozo unaozungumzia kumbukumbu zilizopo kweli mahali walikoishi wazee wake, kwa kuwa mwongozo uliojengwa juu ya sensa za Marekani hautamfikisha mbali mtu ambaye babu yake aliandikwa katika daftari la ubatizo la misheni, au ambaye nasaba yake imehifadhiwa vichwani mwa shangazi wawili.

Pendekeza kimoja, wala usizidishe viwili. Baada ya wiki tatu usimwulize kama amekipenda, kwa kuwa atakujibu kwa adabu. Mwulize amefika ukurasa gani.