Namna ninavyowahesabu nyuki wa mbao shambani Pongwe

Yule mdudu mnene mweusi anayenguruma na kutoboa kenchi, kwetu tunamwita nyuki wa mbao tu. Mwaka juzi niliziba mashimo yao tisa kwa saruji, nikajisifu. Msimu ule pasheni zangu za njano zilichanua zikapukutika, nami mtu mzima nikawa napanda ngazi kila alasiri kupaka chavua kwa kidole, ua kwa ua. Pasheni ya njano haizai kwa chavua yake yenyewe, na nyuki wa asali ni mdogo: anabeba chavua akaondoka bila kufikia panapotakiwa. Anayefikia ni yule mnene niliyemzibia.

Tangu hapo nawahesabu. Chagua njia moja usiibadilishe. Yangu ni hatua 300, kisimani hadi uzio wa milingoti ya katani, kupitia kunde na bilinganya. Kila wiki mbili, saa nane mchana, maana pasheni ya njano hufunguka adhuhuri. Hesabu walio ndani ya mita 2 kila upande; wa jirani mwachie jirani.

Jike wa kwangu ni mweusi mwenye mikanda miwili ya njano. Dume ana manyoya ya rangi ya ndimu mwili mzima. Miezi mitatu niliwaandika kama aina mbili!

Andika saa, jua au wingu, upepo, na ua alilotua. Usipoona hata mmoja andika 0, usiruke. Huko Marekani, mtaalamu wa nyuki Robbin Thorp alikuwa akirudi kumtafuta nyuki wa Franklin, aina moja ya nyuki wanene wenye manyoya, si wa mbao, ambao huku kusini mwa Sahara hatuna. Alianza 1998, akamwona mara ya mwisho 2006. Aliendelea kurudi hata miaka ya kutoona kitu.

Viota navyo vina dalili. Chini ya shimo pakiwa na unga mbichi wa mbao, mna mtu. Utando wa buibui mlangoni, wamehama. Ukiwa na shaka gonga mlingoti jioni, utegee sikio: akiwemo atanguruma.

Mlingoti mkavu usiuchome kuni. Ufunge chini ya upenu, watoboe humo. Kenchi ipake rangi, mbao iliyopakwa hawaipendi. Dawa ya bilinganya pulizia jioni, wakiwa wamelala.

Juzi: majike wanne, dume mmoja, wingu jepesi. Wote kwenye kunde.