Somo: Jinsi ya kusoma Waajemi, tanzia ya vita iliyoandikwa na mtu aliyekuwa vitani

Habari zenu ndugu zangu. Wengi mmeniuliza mkitaka tanzia za kale, yaani michezo ya kuigiza ya huzuni, muanzie wapi, leo nawapa hii moja ambayo mimi naipenda kupita zote. Inaitwa Waajemi, ya Aeschylus, ilichezwa Athens mwaka 472 K.K. na ndiyo tamthilia ya zamani zaidi ya Kigiriki iliyotufikia nzima. Ni fupi, jioni moja unaimaliza, ila ukiikimbiza utaona ni watu wanalia tu mwanzo mwisho, kwa hiyo twende taratibu.

Hatua ya 1, kabla hujasoma mstari hata mmoja jua kwanza nani amekaa anatazama. Mwaka 480 K.K. mfalme Xerxes wa Uajemi aliingia Athens akaichoma, mahekalu ya kilima cha Akropoli yakateketea, halafu mwaka huohuo jeshi lake la majini likavunjwavunjwa kwenye mlangobahari wa Salamis. Sasa imepita miaka 8 tu, watu wamekaa chini ya kilima kilekile kilichoungua, na wengi wao walikuwepo. Mwandishi mwenyewe alipigana na Waajemi haohao Marathon mwaka 490 K.K. na ndugu yake wa damu, Cynegeirus, alifia hukohuko. Halafu mchezo unaanza na wanaoneshwa nini? Sio Athens, ni Susa, nyumbani kwa adui, wazee wa Kiajemi wanangoja vijana wao warudi na hakuna habari yoyote. Hapo ndo pa kushikilia mpaka mwisho, yaani mtu aliyechomewa mji anatuketisha na mama wa aliyeuchoma.

Hatua ya 2, msome malkia pole pole. Ameota wanawake wawili, mwanawe akawafunga nira kwenye gari lake la farasi, mmoja akatulia mwingine akaivunja nira katikati na Xerxes akaanguka. Baadaye anawauliza wazee, hao Waathene bwana wao nani? Anajibiwa kwamba hawaitwi watumwa wala raia wa mtu yeyote. Usiipite haraka, siasa yote ya mchezo imekaa hapo.

Hatua ya 3 ndo moyo wenyewe, mjumbe anayeleta habari za Salamis. Chukua kalamu upigie mstari kila jina la mtu. Utakuta majina ya Waajemi kibao, lakini jina la Mgiriki hata mmoja hakuna, hata Themistocles, jemadari wa Athens aliyepanga mtego, hatajwi, mjumbe anasema tu alikuja mtu kutoka jeshi la Waathene akamdanganya Xerxes kwamba Wagiriki watatoroka usiku. Mimi nilivyoligundua hili nilirudia kusoma upya kabisa. Walioshinda ni sauti tu, wimbo unaosikika alfajiri ukirudishwa na majabali, ila waliokufa kila mmoja ana jina lake na namna yake ya kufa. Kuna mmoja anaitwa Matallus, tunaambiwa ndevu zake nene nyekundu zilibadilika rangi kwa kulowa damu. Ndevu! Katikati ya merikebu mamia kwa mamia, mwandishi anakuonesha ndevu za adui mmoja.

Kisha anasema Waajemi waliokuwa majini walipigwa kama jodari, kwa vipande vya makasia na mabao ya merikebu zilizovunjika. Sisi wa pwani hii tunaielewa bila maelezo, nimekua nikiona jodari anapigwa rungu la kichwa ndani ya dau huku mkia bado unatapatapa, sasa weka binadamu hapo.

Hatua ya 4, mzuka wa Dario, baba yake Xerxes aliyekwisha kufa. Malkia anamwaga tambiko la maziwa, asali, maji, divai na mafuta ya zeituni, wazee wanaimba, baba anatoka kaburini na kusema mwanawe alikosa kuifunga bahari minyororo, yaani kuiwekea daraja ili jeshi livuke, na kuchoma mahekalu. Ila kumbuka jeshi lililopigwa Marathon lilitumwa na huyuhuyu Dario, hapa amepambwa kidogo.

Hatua ya 5, Xerxes anarudi nguo zimechanika na podo halina mishale. Hii usiisome kimyakimya, mkae wawili mpokezane kwa sauti kama maombolezo msibani, kwa macho tu hutaelewa kitu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, si alikuwa anawacheka maadui zake tu?
Jibu: Sehemu ya sifa kwa Athens ipo, siwezi kukataa, lakini mtu anayecheka hahesabu marehemu mmoja mmoja kwa jina. Tena nadhani anawaonya wenzake, maana Athens yenyewe ilishaanza kujenga ubabe baharini.

Swali: Watu hawakukasirika kuletewa vita steji?
Jibu: Ilishatokea. Phrynichus, mwandishi mwingine wa tanzia, aliigiza kuanguka kwa Mileto, mji wa ndugu zao ulioangushwa na Waajemi, teatro nzima ikalia, wakampiga faini ya drakma 1,000 na mchezo ukazuiwa. Aeschylus yeye alipewa zawadi ya kwanza, na gharama za kwaya alilipa Pericles, aliyekuja kuwa kiongozi mkubwa wa Athens, wakati huo kijana bado.

Swali: Kaka, sehemu nyingine nimesoma merikebu za Waajemi 1,207, mjumbe anasema 1,000, ipi sahihi?
Jibu: Mjumbe anataja 1,000 halafu 207 zenye kasi sana, ukijumlisha unapata ya Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki. Wengine wanaona hizo 207 zimo ndani ya 1,000. Kwa Wagiriki anasema 300 na 10 teule.

Swali: Kikundi chetu kina waigizaji wazuri wawili tu, inawezekana?
Jibu: Vizuri kabisa, imeandikwa hivyo. Mmoja awe malkia na baadaye Xerxes, mwingine mjumbe na Dario, mbadilishe barakoa. Ndo maana mama na mwana hawaonekani pamoja, japo mama aliahidi kumpelekea mavazi mapya. Waliobaki wote wawe wazee wa kwaya.

Swali: Na mwisho tunafungaje? Naona hakuna hotuba.
Jibu: Haipo na msiiongeze. Wazee wanamsindikiza nyumbani wakilia, tokeni nao mkiwa bado mnalia, sauti ziishie huko nje na steji ibaki tupu.