Kupanga taa kwa picha za kisanaa za mwili mtupu zenye giza

Giza la picha hizi halipatikani kwa kufifisha picha nzima. Linapatikana kwa kuuzuia mwanga usifike usikotakiwa, na pale unapofika ngozi ipate kiasi chake kamili. Anayepunguza kila kitu stopu mbili (kila stopu hukata mwanga nusu) kisha akainua vivuli kwenye kompyuta huambulia chenga kwenye weusi na ngozi yenye rangi ya majivu.

Anza na chumba. Funga madirisha, zima taa, weka ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100, shata 1/160 ya sekunde na tundu la lenzi f/8, kisha piga bila flashi. Picha isipotoka nyeusi tii, kuna mwanga unaovuja, utafute kwanza. Shata isizidi kasi ambayo kamera yako inaoana na flashi, kwa nyingi kati ya 1/160 na 1/250. Ukiipita, utepe mweusi hula ukingo wa picha, na kwenye picha ya giza utepe huo unaweza usiuone mpaka mwanamitindo ameshaondoka.

Pazia liwe la mahameli nyeusi, maana karatasi nyeusi ikipigwa na mwanga hugeuka kijivu. Mwanamitindo akae mita 3 mbele yake. Taa ya flashi ikiwa mbele ya mwili, mita 1 kutoka mwilini na mita 4 kutoka kwenye pazia, pazia hupata takriban 1/16 ya mwanga, yaani stopu 4 chini. Ukisogeza taa nyuma hadi mita 3, tofauti hiyo inabaki stopu 2 tu, na mikunjo ya pazia inaanza kuonekana. Kuta nyeupe nazo hurudisha mwanga: tundika kitambaa cheusi upande unaotazamana na taa.

Taa moja inatosha. Tumia softboksi (kisanduku cha kitambaa kinacholainisha mwanga) nyembamba, kama sentimita 30 kwa 120, yenye gridi, yaani wavu unaozuia mwanga usitawanyike, uisimamishe nyuma kidogo ya bega: nyuzi 110 hadi 130 kutoka mstari unaounganisha mwanamitindo na kamera. Hapo mwanga unaparaza ngozi na kuchora bega, kiuno na nyonga kwa mstari mmoja. Ukiileta nyuzi 90, nusu ya mwili inawaka. Kwenye 45 ni picha ya kawaida tu. Kwa kuwa taa inaelekea upande wako, weka kofia ya lenzi ya kukinga mwanga (si kifuniko) na ubao mweusi kati ya taa na kamera, la sivyo ukungu utafunika weusi wote.

Usiiachie kamera ipime yenyewe: ikiona fremu imejaa weusi, itataka kuongeza mwanga na kuunguza ngozi, yaani kuifanya nyeupe tupu pichani. Shika kipima mwanga kando ya sehemu ya ngozi inayowaka zaidi, kikitazama taa. Huna? Soma histogramu (grafu ya mwanga kwenye kamera, giza kushoto na mwanga kulia) ya rangi, si ile ya jumla, kwa sababu kwenye ngozi, rangi nyekundu ndiyo huungua kwanza. Lundo la kushoto lisikutishe. Mkia wa kulia ndio wa kuchunga, ukaribie ukingo bila kuugusa. Piga RAW, yaani faili ghafi la kamera.

Ngozi nyeusi huonyesha umbo lake kwa mng'ao kuliko kwa kuongezewa mwanga. Mafuta kidogo yaliyopakwa sawasawa yanasaidia sana, ila pima upya baada ya kuyapaka. Ngozi nyeupe huungua mapema, hivyo punguza nguvu ya taa kidogo kidogo.

Mwanga wa kuparaza hausamehi. Alama za mpira wa nguo huonekana kama mifereji, kwa hiyo mwanamitindo avae nguo pana angalau saa nzima kabla. Akihisi baridi, vipele vya ubaridi vitajaa pichani. Pasha chumba joto. Awe mtu mzima, na kabla nguo hazijavuliwa mwandikiane kipi kitaonekana na picha zitatumika wapi. Joho liwe karibu kati ya mikao. Ukitaka mkao ubadilike, eleza kwa maneno au sogeza taa, usimguse.

Fokasi ya kamera hupotea gizani. Acha taa ndogo ya ndani ya flashi ikiwaka, na ulenge ukingo wa mwili ulio na mwanga.

Wakati wa kuhariri, punguza mwangaza wa skrini. Kwenye skrini kali vivuli vinaonekana vina maelezo tele, lakini vikichapwa karatasini vinazama, kwa hiyo chapa kipande cha majaribio chenye kivuli kizito kabla ya picha kubwa.